Betri Niliyoichomoa Ukutani

Kabla hakujakucha chaja ya mjukuu wangu Hilda ilikuwa inanung'unika ukutani kama nyuki ndani ya kopo. Nakwambia, Mama Basili, nikaogopa moto, nikaichomoa. Mimi mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa amelala, sikutaka kumwamsha. Kumbe umeme ulikuwa ndiyo kwanza umerudi, na betri ya kamera yake ya kupigia picha za harusi haikuwa imejaa.

Huko kijijini Nambis, kwenye harusi, baridi kali. Ikafika zamu ya baba kumbariki bibi harusi, wakamtoa Mzee Yohanes kitandani. Unajua anavyoumwa. Anamwekea binti yake mkono kichwani, kamera inazima. Inazima, Mama Basili.

Hilda akaninong'oneza, "Bibi, imekufa." Nikamwambia, "Ni mimi niliichomoa." Hakunigombeza. Akanipa betri, akasema, "Ipashe kifuani, joto huifufua kidogo."

Nikaitia ndani ya sweta, naomba Mungu. Watu wanamwambia mzee akae, anatetemeka, lakini hashushi mkono. Akawajibu, "Mwacheni mzee mwenzangu apashe betri."

Hilda akairudisha, kamera ikawaka. Ikapiga mara moja tu, ikafa tena kabla Hilda hajaona kilichoingia. Hatujui kama uso wa mzee umetoka. Sasa betri inachaji hapa mbele yangu, na mimi naogopa hata kupita karibu.

Tulipoaga, mzee alimshika Hilda mkono, hataki kuuachia. "Picha itoke isitoke, mjukuu, njoo tena unione. Ila usikawie."