Gari Lenye Jina la Baba

Jumatatu, 3 Novemba

Hili sijamwambia mtu yeyote: kwenye jukwaa la magari mtandaoni, mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mmoja. Naitwa Fundi Omari. Omari ni baba yangu. Mimi ni Rukia, nina miaka kumi na sita, na sijawahi kushika hata spana.

Leo kama kawaida. Shule, kisha maktaba ya Barking, mtaa wetu hapa London, meza ya pembeni, saa mbili za kuchora Kozi. Kozi, nililolipa jina la ndege mwindaji, ni gari la mbio ambalo halipo. Jukwaani sote tunabuni magari ya namna hiyo, ya kuendeshwa kwenye michezo ya video tu. Mwaka jana nilijiunga kwa jina langu. Wakanicheka. Mmoja akaniambia nikapambe keki. Nikaondoka, nikarudi na jina la Baba na picha ya mikono yake akinyoosha bati, enzi zake za ufundi wa bodi Mombasa. Tangu hapo wananiita mkuu.

Kabla sijafunga kompyuta, barua pepe. Kampuni ya michezo hiyo inalitaka Kozi. Wanataka kuzungumza na Fundi Omari kwa video, Jumamosi saa tisa.

Nimeifunga kompyuta bila kujibu.

Jumanne, 4 Novemba

Sikula. Nimefikiria kumwomba Baba ajifanye ndiye aliyelichora. Baba! Aliyerudi sokoni kwa miguu, mvua inanyesha, kurudisha kitunguu alichozidishiwa kwa makosa. Haiwezekani.

Lakini sijawahi kutaka kitu kama ninavyotaka Kozi liingie mchezoni. Nimelichora miezi saba.

Jumatano, 5 Novemba

Nimedanganya tena. Nimewaandikia kwamba Fundi amekauka sauti, tuandikiane tu. Wakajibu kwa upole wa kuua: anong'one tu, wanachotaka ni kumwona. Wamekipenda kisa chake nilichokiandika jukwaani. Wanataka sura yake iwekwe mchezoni kando ya gari, mzee wa Mombasa na nyundo yake.

Sura ya Baba. Bila Baba kujua.

Fataki za Waingereza za kila tarehe tano Novemba zinalipuka nje tangu jua lizame. Nilijifungia chooni nikalia. Ndiyo sehemu pekee ya nyumba yenye kufuli.

Ijumaa, 7 Novemba

Nilimwonyesha Baba mchoro wa Kozi. Nikasema ni kazi ya shule. Alikuwa ametoka kazini, karakana ya mabasi, bado na ovaroli. Akaweka kikombe chini, akautazama muda mrefu.

"Nani kachora?"

"Mimi."

"Wallahi zuri. Ila mamangu, magurudumu ya mbele umeyafunika mpaka chini. Kona litakata vipi? Hili likiondoka, linakwenda sawasawa mpaka ukutani."

Mama akadakia kutoka jikoni: "Afadhali hilo linaondoka. Lile lako la Kisauni kule Mombasa lilikuwa la kusukuma."

Tulicheka sote. Kisha nikaacha kucheka. Jukwaa zima limelitazama Kozi miezi yote hiyo na hakuna aliyesema neno. Mmoja aliandika kwamba ni fundi wa kweli tu angethubutu kufunika magurudumu namna ile. Nani amsahihishe fundi?

Baba akachukua penseli, akanionyesha pa kukata. Mkono uleule wa pichani.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilimwambia Baba saa saba, kabla ya chakula. Yote. Nikamwonyesha na picha.

"Hii mikono yangu?"

Nikaitika.

"Umenifanya mwongo kwa watu hata siwajui, Rukia."

Rukia. Hakuniita mamangu. Akaenda kuswali, hakurudi mezani. Mama akafunika sahani yake.

Saa tisa nilifungua video peke yangu. Mwanamke na mwanamume, wote wanatabasamu, macho yao yanamtafuta mtu nyuma yangu. Nilisema mimi ndiye niliyechora. Nilisema Fundi Omari hajawahi kuingia jukwaani hata siku moja. Mwanamke aliacha kuandika. Nikawaambia pia kwamba gari lenyewe halikati kona. Sijui kwa nini nilisema hilo. Dakika sita, basi, wakanishukuru, wakapotea.

Nachukia kila kitu. Najichukia zaidi.

Jumapili, 9 Novemba

Asubuhi barua pepe fupi kutoka kampuni. Hawatalichukua.

Niliifuta picha ya mikono. Nikaandika ukweli jukwaani, mistari kumi na mmoja, nikatia jina langu chini. Sikusubiri majibu.

Baba alikuwa sebuleni. Hakuwa amenisemesha tangu jana. Nilisimama mlangoni, nikamwambia kwamba nimewaandikia ukweli watu wa jukwaani. Akasema nimsomee, kwa Kiswahili. Nikasoma nikitafsiri, polepole, mpaka mwisho.

"Rudia hapo penye jina langu."

Nikarudia: baba yangu Omari hakujua lolote, gari hili si lake, na uongo huu si wake.

Akaitikia kwa kichwa. Nikaenda jikoni kumsaidia Mama kumenya viazi.