Machungwa ya Boay

Jumatatu, 14 Januari 1985
Baada ya kufundisha, nimepalilia mchicha. Sabuni hakuna tena; nimenawa kwa majivu. Jioni mdogo wangu Boay amefika kutoka Mutuka, macho ya njano kama kiini cha yai. Alinyunyiza dawa ya kuua magugu bila kuziba pua, ili asialike watu wa kupalilia na kuwapikia pombe. Kisha, kwa kuwa vyombo ni adimu, akaosha galoni ya dawa na kuwekea maziwa. Akayanywa. Anadai maziwa huondoa sumu. Upumbavu. Nina hofu.

Jumanne, 15 Januari
Hospitali. Ini limeumia. Daktari amekataza dawa ile, na pombe hata tone, pombe itammaliza. Vitamini C na E huenda zikalisaidia ini kustahimili sumu, kasema, ila si badala ya masharti hayo. Vidonge hakuna. Tutumie matunda, mboga, karanga, mafuta ya alizeti.
Galoni nimeitoboa na kuifukia. Mke wangu ameiaga kama marehemu.

Alhamisi, 24 Januari
Boay anakaa kwetu Nangara. Asubuhi chungwa, mchana mchicha wa karanga, jioni papai. "Kaka, mimi ni mbuzi?" Nimemjibu kwamba mbuzi hana ubishi kiasi hicho. Unjano umepungua. Nimefurahi, sikumwonyesha.

Jumapili, 3 Februari
Sehemu ya shamba la Boay ambayo hakuinyunyiza imemezwa na magugu. Lazima tualike majirani. Kualika ni pombe, na mwenye shamba huonja kwanza mbele ya watu, ijulikane haina sumu. Boay anasema ataonja kidogo tu. Nimekasirika. Sikusikiliza mahubiri.

Jumamosi, 9 Februari
Wamepalilia vizuri. Kibuyu kikaletwa. Wote wakamtazama Boay. Habari ya galoni ilikwishafika kila nyumba. Akanyoosha mkono. Nikakiwahi mimi, mzee wa kanisa, ambaye sijagusa pombe tangu ubatizo. Nikanywa. Chachu mbaya.
"Mwalimu," akasema jirani mmoja, "tulisema uonje, si umalize."
Wakacheka. Wakanywa. Boay alikula chungwa lake.

Jumatano, 20 Februari
Daktari ameridhika. Macho ni meupe. Boay amerudi Mutuka na mbegu za mchicha mfukoni. Mvua ya wastani. Limebaki chungwa moja mezani. Nimelila mwenyewe, polepole.