Kwa Cyprien wa Kasenga, na Habari za Rafiki Yako Gaspard

Mwaka umepita, Cyprien, tangu Jumapili ile uliyolala mchana baada ya misa usiamke tena. Watu wanasema mwaka ukipita moyo hutulia. Wetu bado unahangaika. Dada yako Honorine ndiye hasa hatulii: anaanza kufua, anaacha, anakwenda mlangoni, anarudi.

Ulibeba marobota ya pamba bandarini Kalundu, wewe na Gaspard, mmoja mbele mmoja nyuma, mkibishana njia nzima nani anamwachia mwenzake uzito. Jumamosi uliwanyoa watoto wa mtaa bure, na kila mmoja ukamwambia sasa amekuwa waziri. Hukuweza kula ndagala, vile visamaki vya ziwani, peke yako. Hata mgeni aliyeshiba ulimsogezea sahani. Siku ya uhuru ulicheza mpaka kiatu kikapasuka, ukaendelea na kimoja.

Kisha ukaja uasi, na risasi isiyokuwa yako ikakupata nyongani. Hopitalini walikuchoma morfini, na ilikufaa, maana maumivu yale hayakuvumilika. Kidonda kilifunga, hamu ya sindano ikabaki. Dawa zilizoporwa kwenye zahanati zilikuwa zikiuzwa kwa siri ufukweni, nawe ukawa unazifuata. Ulisinzia ukiwa katikati ya maneno, ukajikuna, ukawa mkali bila sababu. Sisi tulidhani ni vita. Gaspard alijua, lakini ulimwapisha asiseme.

Ulijitahidi, hilo tunalishuhudia. Ulikwenda kwa baba mdogo Sévère kule Sange, ukatetemeka, ukatapika, halafu ukalima, ukanenepa. Uliporudi, Honorine alikushika uso kwa mikono miwili akacheka. Jumapili ile ukajichoma mara moja tu, kipimo kilekile cha zamani. Hakuna aliyekuambia kwamba mwili uliokwisha kuzoea kuikosa dawa hauwezi tena kukibeba kipimo hicho. Gaspard alikaa kando yako akisikia unakoroma kwa nguvu, akafurahi kwamba umepata usingizi. Hata alipoingiwa na wasiwasi aliogopa kuita mtu, kwa sababu askari walikuwa wakikamata vijana kwa neno dogo.

Yaliyofuata hukuyaona. Tulipokwisha kukuzika, Gaspard alipeleka huzuni yake ufukweni, kwa wauzaji walewale. Honorine alimwona anakonda, akamuuliza, naye akakana. Akamfuata bandarini, Gaspard akakana tena mbele ya wenzake, wakacheka. Mama alimsihi Honorine aache, asijitafutie kilio cha pili. Hakuacha. Alikwenda hopitalini kwa mama Geneviève, muuguzi, akauliza bila kutaja jina: mtu wa namna hii afanyiwe nini? Geneviève alimweleza yote, akamwonyesha na namna ya kumpulizia mtu pumzi, kisha akasema amlete tu, pale hawaulizi nani alikuwa upande gani.

Mwezi wa nne, jua likiwa kali, Honorine alimkuta Gaspard ameanguka nyuma ya ghala. Anakoroma. Midomo imekuwa rangi ya majivu. Mkoromo huo alikuwa amesimuliwa na Gaspard mwenyewe siku za matanga yako. Alimpiga makofi, akamwita, akamlaza ubavu, akapaza sauti mpaka wapagazi wakaja.

"Musimwache alale," aliwaambia. "Hii haiko usingizi."

Walimpandisha kwenye mkokoteni wa samaki wakakimbia. Kila pumzi ilipokawia, Honorine aliwasimamisha akampulizia yake. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alitaka kujua wanabeba nini. Honorine hakutafuta uongo. "Amejichoma dawa, anakufa. Utufungulie njia." Askari akamtazama Gaspard, akainua mti uliofunga njia.

Jioni, hopitalini, Gaspard alifumbua macho, na jambo la kwanza alimwomba Honorine asimwambie mama yake.

"Nitamwambia," Honorine akajibu. "Cyprien tulifichwa, tukamzika. Weye sitakuficha."

Geneviève amekuwa akimtoa kwenye dawa polepole, na mama yake akikaa kando ya kitanda. Amerudia kujichoma mara moja. Safari hiyo alikuja mwenyewe mlangoni kwetu akitetemeka, akamwambia Honorine kama dada yake mkubwa, "Yaya, miye niko naogopa. Twende kule." Honorine aliacha sufuria motoni wakaenda. Gaspard bado hajapona kikamilifu, Cyprien, hatutakudanganya. Akisinzia kitini tu, Honorine anaacha kazi yake na kumsikiliza anavyopumua.

Nanyi vijana mnaosoma hapa: rafiki yenu akilala mkimwamsha haamki, msimwache, na msingoje aamke mwenyewe. Iteni mtu, mkimbizeni hopitalini. Kiapo cha kunyamaza hakimfai aliyekata pumzi. Na aliyeacha dawa akirudia, huyo ndiye wa kuogopewa zaidi.

Wanaokukumbuka ni mama yako Émérance, baba mdogo Sévère, shangazi Charlotte, mdogo wako Mathieu, na dada yako Honorine. Na Gaspard, aliyeomba aandikwe pamoja na ndugu zako. Mama akasema aandikwe.

Pumzika, mtoto wetu. Sisi bado tuko macho, na hatutakusahau kamwe.