Kilo Saba Kamili

Jumatatu, 4 Machi

Wamekubali! Miaka tisa ya picha za pasipoti na maharusi wanaofumba macho, na leo jarida la utalii limenipa kazi. Siku tano milimani. Ndege ndogo, begi moja, kilo saba, basi.

Nimemwaga vifaa vyote kitandani. Kinyaa! Nyaya zimefungana mafundo. Stendi ya kamera inanata soda ya harusi ya mtu. Mfukoni mwa begi kubwa nimekuta biskuti imeota manyoya. Na mimi najiita mtaalamu.

Jumatano, 6 Machi

Uamuzi: kamera moja, lenzi moja. Nimewahutubia watu wote mezani — kila cha ziada ni mzigo tu, chukua kifaa kimoja, kijue vizuri. Mama aliitikia kwa kichwa, makini.

Shangazi yeye alichosikia ni kwamba begi litakuwa na nafasi. Nafasi gani? Anataka nimpelekee binti yake, anayefundisha shule hukohuko, makopo mawili ya mafuta ya nywele. Nimekataa. Kanuna. Eti nimeota mapembe.

Ijumaa, 8 Machi

Nimechomoa lenzi kwenye kamera isije ikagongwa njiani, nikaivika soksi mbili nene. Betri tatu, suruali moja. Mizani: saba kamili! Nimemwachia Mama afunge zipu, nikaenda kuoga nikipiga mluzi.

Jumamosi, 9 Machi. Uwanja wa ndege

Saba kamili hata kwa mizani yao. Karani kanisifu, laiti abiria wote wangekuwa hivi. Kichwa kikavimba.

Nikakaa. Nikasema ngoja nirudishe lenzi mahali pake. Nikaingiza mkono kwenye soksi — uteute!

Kopo la mafuta ya nywele. Limevuja. Soksi ya pili, kopo la pili. Vidole vinateleza, suruali imelowa, harufu ya marashi imenipanda hadi kooni. Abiria wa kando amehama kiti. Simlaumu.

Nikapiga simu nyumbani. Kabla sijafungua mdomo, Mama akaanza. Lile dude la soksini amelitoa, limo kabatini, salama. "Si ulisema kifaa kimoja, mwanangu? Na kamera tayari ilikuwa ndani." Akapima mwenyewe, mara tatu, mpaka uzito ukawa uleule. Shangazi kafurahi mpaka kalia.

Najichukia. Mimi na hotuba zangu! Kamera ipo mapajani, ina shimo tupu mbele. Haiwezi kupiga hata ukuta. Nyumbani ni saa nzima kwa gari, ndege inaondoka baada ya dakika ishirini.

Mama akauliza, kwa sauti ya mtu anayengoja kusifiwa, "Begi si jepesi?"

Jepesi, Mama. Jepesi sana.

Kalamu inateleza. Wameanza kuita abiria. Sijasimama.