Nzi Watatu Ndani ya Kiberiti

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimeketi sakafuni bwenini, nimezungukwa na ndoano ishirini na nne zenye manyoya mekundu na ya manjano, na nahitaji kuokolewa kabla ya Jumamosi.

Mimi ni binti wa mwaka wa tatu, nasomea falsafa ya siasa, na kwa kuwa kila mkutano wa wanafunzi unapokosa msemaji huitwa mimi, wenzangu wamenibandika jina la Kipaza. Umati haunitishi: nimesimama juu ya meza ya bwalo mbele ya watu mia nane nikadai maji ya bomba, na maji yakatoka. Ninayemwogopa ni mtu mmoja, tena mkimya, naye ni baba yangu. Baba ni fundi saa, kibanda chake hakizidi upana wa mlango na nusu, siku nzima lenzi imo jichoni na koleo ndogo mkononi, na mwaka jana niliposimamishwa masomo kwa kuongoza mgomo nilikwenda moja kwa moja kwake nikitaraji ama pongezi ama karipio, yeye akauliza bila kuinua kichwa, "Umekula?", nami nilikuwa nimejaa hotuba na sina wa kumhutubia, nikamjibu mbele ya wateja wawili kwamba saa ni pingu ya mfanyakazi, na kwamba yeye ni mhunzi wa pingu. Alifunika saa aliyokuwa akiitengeneza, akaifuta kioo kwa kitambaa, akampa mwenyewe. Tangu hapo ni miezi minane, na tukikutana sebuleni ni shikamoo na marahaba, kila mtu njia yake.

Wiki iliyopita mama akanijia bwenini na karatasi yenye mwandiko wa baba: "Jumamosi nakwenda mtoni kuvua trauti. Ukiwa na nafasi, njoo. Fimbo ipo. Nzi na uzi ulete wako." Wasiojua wajue kwamba trauti ni samaki wa mito ya baridi, na watu wa aina ya baba hawamvui kwa mnyoo bali kwa nzi wa bandia, yaani ndoano iliyovishwa nyuzi na manyoya ifanane na mdudu, ikafungwa kwenye uzi mwembamba mwishoni mwa mshipi. Wajue pia kwamba baba na wenzake watatu wana sheria ya miaka thelathini: mvuvi hampi mvuvi mwenzake nzi, kila mtu huja na wake, na anayeomba huchekwa mpaka jioni. Juu ya karatasi mama akaweka kiberiti. "Hiki nacho kilikuwa pamoja na barua," akasema, "mimi sijui, msiniingize." Nilipokifungua nikakuta vitakataka vitatu visivyozidi punje ya mchele, kimoja cheusi, kimoja cha kahawia, na cha tatu chenye tumbo la sufu ya kijani kama sweta yangu ya shule ya msingi, ile ambayo mama husema ililiwa na nondo. Niliuelewa ujumbe: mzee ananionyesha kimo changu machoni pake.

Basi nikaenda dukani kwa hasira, na hasira, mshauri, si mshenga mzuri. Muuzaji akauliza, "Dada, ni mara ya kwanza?" Nikamwambia ni mara ya kwanza kununua, si mara ya kwanza kufikiri. Akauliza namba. Nikajibu kwamba mimi si mtu wa makuu, anipe namba ndogo, ndoano namba nne na uzi namba moja. "Una hakika?" "Ndugu, mimi sishawishiki kwa maswali ya kibiashara." Akafunga mzigo, ila nilimwona akiuma mdomo. Kumbe katika mchezo huu namba zinakwenda kinyumenyume, ndogo ndiyo kubwa na kubwa ndiyo ndogo, dhuluma ambayo ningeiitishia maandamano kama ningejua ofisi ya kwenda. Mwenzangu wa chumba, anayesomea uhandisi, aliuvuta ule uzi akasema, "Kipaza, huu tuanikie mashuka." Nao nzi wangu, akasema, samaki akiwaona atadhani ni kuku.

Sasa niambie: ninunue nzi gani, uzi gani, nimpate samaki mkubwa kiasi gani ili nifutiwe deni la neno lile? Nimekwisha kuandika hotuba ya kuomba radhi, kurasa nne. Niisome kabla ya kuvua au baada?

Kipaza, Mwaka wa Tatu

*

Marahaba, Kipaza.

Nikupe pole kwanza, maana utahitaji akiba yake ukimaliza kusoma. Nami nilipata kusimama juu ya meza za bwalo, na magoti yangu yanakumbuka. Najua jinsi mtu anavyoweza kuwatetea mafundi wote wa dunia asubuhi, na jioni akamtukana fundi mmoja aliyemlipia shule. Ulichomwambia baba yako kilikuwa sentensi nzuri, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Uliisema kwa sababu ilikuwa nzuri. Kama ingekuwa kweli ungeisema kwa shida zaidi.

Tuje mtoni. Trauti hukaa kwenye maji maangavu, huona vizuri, na hutimka kwa kivuli tu. Wewe umemwandalia manyoya mekundu na kamba ya kuanikia. Umekwenda kuvua kama unavyokwenda kuhutubia, ukiamini asiyesikia aongezewe sauti. Samaki huyu hana uziwi. Ana woga, na mwenye woga husogelewa kwa kitu kidogo, kinachofanana na chakula anachokijua, kikielea kwa mwendo uleule wa maji.

Kwa hiyo zile ndoano nyekundu zipeleke kwa mwenzako wa uhandisi azifanye hereni. Rudi dukani, umtake radhi yule muuzaji, itakuwa mazoezi, kisha umwombe uzi namba tano. Namba ya ndoano igawanye kwa tatu, utapata namba ya uzi: ndoano za kumi na nne mpaka kumi na sita zinataka uzi wa tano. Dhuluma ya namba uliyoilalamikia ina hesabu yake, ila hukungoja kuisikia. Mwishoni mwa mshipi funga kipande cha uzi huo kirefu kama mkono wako, toka bega hadi kucha. Kabla ya kukaza fundo lilowanishe kwa mate, kwa sababu uzi mkavu hujichoma unapokazwa na utakukatikia samaki akiwa usoni pako. Likaze polepole, kisha livute ulijaribu. Kijino cha ndoano kibane kwa koleo kilale, ili samaki asichanike, wala sikio la baba yako. Ukifika usikimbilie maji. Geuza jiwe moja pembezoni, utazame wadudu walioshikilia chini yake, maana hao ndio chakula cha siku hiyo. Na samaki akishika usimnyakue. Inua fimbo kwa utulivu, akitaka kukimbia mwachie akimbie, akichoka umrudishe. Uzi mwembamba haukatwi na uzito wa samaki, hukatwa na pupa ya mvuvi.

Umeniuliza ununue nzi gani. Usinunue nzi hata mmoja.

Umesoma vitabu vingapi, binti, hata ukashindwa kusoma kiberiti? Vile vitakataka vitatu ndivyo nzi. Mweusi ni wa kuelea juu ya maji, wa kahawia na wa kijani wanafanana na mabuu na huzamishwa chini, ambako trauti hula zaidi ya nusu ya mlo wake. Punje ya mchele ndiyo kipimo chenyewe. Anayeanza akipewa hao watatu hana haja ya wa nne. Baba yako hakukuonyesha kimo chako. Alikuchagulia nzi.

Sasa irudie sheria uliyoniandikia mwenyewe. Miaka thelathini mtu huyo hajampa mvuvi mwenzake hata unyoya. Kwako ameivunja mara tatu, akawaficha nzi hao ndani ya kiberiti, akaandika "ulete wako" ili ukifungua kisanduku chako mbele ya wale wenzake watatu wakukute una wako, wasipate cha kukucheka. Alilinda heshima yako mbele ya watu. Kumbuka wewe ulifanya nini na yake, mbele ya wateja wawili. Na nondo aliyekula sweta yako ya shule, Kipaza, ana lenzi jichoni na koleo ndogo mkononi.

Kuhusu samaki mkubwa, ondoa fikra hiyo. Neno halifutwi kwa kilo. Ukirudi mikono mitupu baba yako hatapungukiwa na kitu, kwa maana hakukuita umletee kitoweo.

Kuhusu kurasa nne, zitie kwenye droo. Mtu aliyekuandikia barua ya sentensi nne asijibiwe kwa kurasa nne. Jumamosi amka mapema, vaa buti na nguo ya rangi ya majani, weka kiberiti kwenye mfuko wa shati uliofungwa kifungo. Mkifika ukingoni, toa yule wa kijani, mfunge mwenyewe, kisha umnyoshee baba yako uzi na useme, "Baba, nilikosa. Hebu nikagulie fundo." Usiongeze neno. Atalisogeza karibu na jicho, kwa mazoea ya kazi, na atachukua muda wake. Muda huo usiujaze kwa maneno.

Halafu atakuuliza kama umekula. Safari hii mjibu.