Kofia ya Salim Kwenye Nyasi

Hamisi mdogo wangu,

Kocha wa kriketi amesema leo kuwa mwanao Salim hafukuzwi kwenye timu ya akiba, ila amebakiwa na mechi moja ya kujiokoa. Ile habari uliyoitangaza Mombasa nzima, kwamba ataichezea Uingereza, iweke kabatini kwanza.

Nilimtazama akicheza Erdington, mtaa wa hapa Birmingham, kwenye manyunyu. Anakimbia kama farasi, lakini mpira ulikwenda kokote isipokuwa kwenye vijiti alivyotakiwa kuviangusha. Mmoja ulimlaza mwamuzi chini. Salim huweka kofia kwenye nyasi, mbali kabisa, kuonyesha mahali pa kuanzia mbio. Kabla ya zamu yake ya mwisho, dada yetu Zubeda, aliyeleta sambusa za mapumziko, aliingia uwanjani akaiokota.

“Kofia haiwekwi kwenye tope, mtoto wewe!”

“Shangazi, hiyo ni alama yangu!”

“Alama ya nini, na kulenga hujui?”

Watu wakacheka. Kwa hasira Salim akaanzia karibu, hatua chache tu, na vijiti vikaruka. Akarudia, vikaruka tena. Kocha, aliyemwachia mbio zake ndefu msimu mzima, alitafuna sambusa.

Maoni yangu: mkono anao. Zile mbio zilikuwa maringo, na maringo hakuyaokota Birmingham.

Msalimie mama, mwambie nala vizuri. Mbuzi wa sherehe usimchinje bado. Mechi ni Jumamosi mchana, Perry Barr, na kocha amemwomba Zubeda afike mapema.

Kaka yako,
Idi