Bomba Chini ya Kuni

4 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na yale magoti yamepunguza kelele. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, anasema umeadimika kama maziwa ya kuku.

Mwenzako nimepandishwa cheo. Kiwanda cha jamu ulichokitumikia miaka ishirini na mitano kwenye boila la mvuke kimenikabidhi taka zake zote: maganda, moshi, maji machafu. Wamenyaji wa matunda wananiita Bibi Takataka, nami naitika.

Kinachonisumbua ni kijito cha nyuma. Kila Alhamisi tukiosha masufuria makubwa, kinatoa povu na kunuka matunda yaliyochacha. Nimeifuata mifereji yote kwa miguu, na yote inaishia kwenye bwawa letu la kusafishia. Lakini maji yanayofika bwawani ni kidogo kuliko yanayotoka jikoni. Michoro ya zamani imepotea. Unakumbuka bomba lolote jingine?

Mpwa wako

20 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Magoti yapo, yananitabiria mvua. Hongera kwa cheo, Bibi Takataka.

Mabomba ya kiwanda ni kama utumbo wa ng'ombe, nani atayakumbuka yote? Yaliyozikwa yaache yalale. Ila nikupe moja la bure: waambie wafagie kwanza, ndipo wamwage maji. Siku zetu tulisukuma kila ganda kwa mpira wa maji, kana kwamba mvua ni ya baba yetu.

Msalimie dada yangu.

Mjomba wako

9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo tena. Huku tu wazima, isipokuwa Mama ana mafua na hataki kuambiwa apumzike.

Neno lako limezaa. Ufagio kwanza, mpira baadaye, na maji ya kuosha sakafu yamepungua nusu. Maganda anayachukua mfugaji wa jirani. Ng'ombe wake wakisikia mlio wa lori tu wanakuja mbio. Maji ya mwisho ya kusuuza chupa, ambayo bado ni safi, tunayaweka tangini na kuyatumia kusuuzia mara ya kwanza kesho yake.

Lakini povu liko palepale. Watu wa maji wamekuja wakapima, wakasema chanzo kisipopatikana mpaka mwisho wa Mei, jiko la jamu litafungwa. Wamenyaji ni sitini, Mjomba. Yule jirani yako wa zamani mwenye kicheko ni mmoja wao.

Kama kuna unalolijua, niambie. Kama nimekukosea kwa kuuliza, niambie pia.

Mpwa wako

17 Mei

Mpwa wangu,

Hujambo? Mwili wangu mzima, moyo ndio ulikuwa unaumwa. Barua hii nimeiandika mara nne na kuichana.

Bomba lipo. Nililifukia kwa mikono yangu. Mwaka ule bwawa lilifurika, bosi wa wakati huo akaniambia, "Fundi, tupitishie kijitoni, wiki moja tu." Wiki ikawa miaka kumi na tisa. Koki yake iko nyuma ya boila, chini ya rundo la kuni. Kuni nilizipanga mimi, isionekane.

Siku ya kustaafu walinisifu kwa uaminifu, nikabaki kutazama viatu vyangu. Mama yako alikuwa akifua kwenye kijito hicho. Nilimwambia ahamie juu ya mkondo, kabla ya kiwanda. Kwa nini, sikumwambia.

Fanya inavyopasa. Ukiulizwa ni nani, nitaje.

Mjomba wako

25 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo, na pole kwa kubeba mzigo huo peke yako.

Tuliondoa kuni asubuhi. Koki ilikuwa imeshikwa na kutu, mafundi wawili wakaitolea jasho mpaka ikafunga. Alhamisi nilisimama kijitoni tangu masufuria yaanze kuoshwa mpaka mchana. Povu hakuna.

Meneja aliuliza, "Nani alilifukia?"

"Kaka wa mama yangu."

Alikuna kidevu. "Basi aje. Atuonyeshe kama kuna jingine, na hilo aling'oe mwenyewe."

Watu wa maji tumewaambia yote. Jiko halifungwi, ila bwawa lazima tulipanue, na tumeshaanza kuchimba.

Njoo. Kitanda kipo. Mama sijamwambia neno. Hilo ni lako.

Mpwa wako

21 Juni

Bibi Takataka wangu,

Nimerudi salama. Mikono ina malengelenge, lakini bomba limetoka lote, na jingine hakuna. Wale wamenyaji wako wana midomo! Kila nikiinua jembe: "Mzee, chimba, ulizika mwenyewe!" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Asubuhi ile ulipokwenda kazini, nilimweleza mama yako kila kitu. Aliendelea kukunja nguo.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Kaka, maji yanayonuka mananasi yana fundi wake. Nilikuwa nangoja useme."

Nikashindwa kumtazama. Akainuka, akanitwika beseni la nguo chafu. "Twende kijitoni, palepale pa zamani. Leo utafua wewe."

Nimefua, mpwa wangu. Mashuka yote, na mapazia. Yeye kakaa juu ya jiwe, miguu majini, ananionyesha nilipobakisha madoa.

Mjomba wako, dobi